Kusafiri na LATAM kutoka Kigoma: Namna ya Kupanga Safari ya Amerika ya Kusini

Hakuna ndege ya LATAM inayotua Tanzania, na jambo hilo ndilo linalopaswa kutangulia katika hesabu za mkazi yeyote wa Kigoma anayetaka kwenda Brazili, Chile, Peru au nchi jirani zake kwa shirika hilo. Msafiri wetu hupanda ndege ya kwanza hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam, ya pili kwenda mji ambako ndege za kuvuka Atlantiki zinapatikana, ya tatu kuvuka bahari yenyewe, na mara nyingi ya nne kumfikisha aendako. Viti na chakula vina umuhimu wake, lakini safari ya namna hii hufanikiwa au huharibika pale ndege moja inapomwachia abiria nyingine. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maungio hayo: tiketi imekatwa kwa namna gani, mzigo unachukuliwa na nani, viza inadaiwa wapi, na nani anawajibika ndege ya kwanza ikichelewa.

Shirika lenyewe

LATAM ilitokana na muungano wa mwaka 2012 kati ya LAN ya Chile, iliyoanzishwa mwaka 1929 kama huduma ya kusafirisha barua kati ya Santiago na Arica, na TAM ya Brazili, iliyoanza mwaka 1961 katika mji wa Marília kama kampuni ya teksi za ndege. Jina la pamoja lilianza kuandikwa kwenye ndege mwaka 2016. Makao makuu yapo Santiago, na vituo vikubwa vya kubadilishia ndege ni Guarulhos katika jiji la São Paulo, Santiago yenyewe, na Lima.

Mwezi Mei 2020 shirika liliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, likaendelea kuruka chini ya utaratibu huo, na likatoka mwezi Novemba 2022. Mwezi huohuo wa Mei 2020 lilijitoa katika umoja wa mashirika uitwao oneworld, na hili ninalitaja kwa sababu bado yapo maandishi ya zamani yanayowaahidi wasafiri manufaa ya umoja huo. Leo washirika wake wakubwa ni Delta ya Marekani na Qatar Airways, ambayo ilinunua asilimia 10 ya hisa mwaka 2016. Kwa msafiri wa Tanzania, huyu wa pili ndiye mwenye maana zaidi, kwa kuwa ndege zake zinafika Dar es Salaam.

Njia za kufika

Njia iliyo fupi zaidi kwenye ramani ni ya Johannesburg. Kutoka Dar es Salaam yapo mashirika yanayokwenda huko moja kwa moja, na kutoka huko LATAM huvuka Atlantiki ya Kusini hadi Guarulhos kwa muda wa takriban saa kumi. Wakati wa kurudi muda hupungua, kwa sababu pepo za juu katika eneo hilo huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana mwanzoni, kama nitakavyoeleza. Upungufu wa njia hii ni kwamba ndege ya LATAM ya Johannesburg ina siku zake maalumu katika wiki, kwa hiyo tarehe ya kuondoka Kigoma haina budi kupangwa kwa kuanzia siku hiyo na kurudi nyuma, wala si kinyume chake.

Njia ya pili hupitia Doha kwa Qatar Airways hadi São Paulo, kisha LATAM ndani ya Amerika ya Kusini. Ni mzunguko mrefu, maana abiria hupanda kaskazini mpaka Ghuba ndipo arudi kuvuka Afrika na bahari, lakini ushirikiano wa mashirika hayo mawili hufanya iwezekane kupata tiketi moja kwa safari nzima kuanzia Dar es Salaam. Njia ya tatu ni ya Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, ambayo huwafaa sana wanaoishia Brazili au wanaoendelea hadi Buenos Aires, kwa kuwa ndege za shirika hilo huendelea hadi huko.

Kwa mtu mzima asiye na mizigo mingi, mwenye muda wa kulala usiku mmoja njiani, ningependekeza Johannesburg. Kwa mzee, kwa mzazi mwenye watoto, au kwa yeyote anayesafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza, ningependekeza tiketi moja hata kama ni ghali zaidi na njia ni ndefu zaidi.

Tiketi moja au tiketi mbalimbali

Hapa ndipo msafiri anapopaswa kutulia na kusoma kila mstari. Tiketi moja ni ile yenye nambari moja ya uhifadhi, yaani herufi na tarakimu sita, inayojumuisha ndege zote. Ikiwa ndege ya kwanza katika tiketi hiyo itachelewa na ukaikosa ya pili, mashirika yaliyomo ndiyo yanayolazimika kukutafutia nafasi nyingine. Mzigo nao kwa kawaida hubandikwa lebo ya mji wa mwisho. Tiketi zilizokatwa mbalimbali hazina uhusiano huo: shirika la pili halijui ulikotoka wala halina wajibu wa kukusubiri, na ukifika umechelewa huhesabiwa kama abiria ambaye hakutokea, jambo ambalo mara nyingi hufuta hata ndege ya kurudi.

Mkazi wa Kigoma au Tabora ana ugumu wa ziada, kwa sababu kipande cha kwanza, cha kwenda Dar es Salaam, mara nyingi hukatwa peke yake. Ndege za Air Tanzania huunganisha miji yote miwili na Dar es Salaam, lakini si salama kupanga kufika Dar saa chache kabla ya ndege ya kimataifa. Lala Dar usiku mmoja. Anayesafiri kwa treni ya Reli ya Kati, ambayo hupita Tabora na kufika Dar baada ya zaidi ya kilomita 1,200, ajipe nafasi kubwa zaidi ya hiyo, angalau siku mbili kamili. Gharama ya nyumba ya wageni Dar es Salaam ni ndogo sana ikilinganishwa na nauli ya kuvuka Atlantiki iliyopotea.

Vilevile, tiketi mbalimbali humlazimisha abiria kutoka nje, kuchukua mzigo wake na kuukabidhi upya, na ili kutoka nje ni lazima aruhusiwe kuingia katika nchi hiyo. Johannesburg hili halimsumbui Mtanzania, kwa sababu ya msamaha wa viza niliokwisha kuutaja. São Paulo linamsumbua sana. Mtu anayekwenda Lima akiwa na tiketi moja ya kufika Guarulhos na nyingine ya kutoka Guarulhos atahitaji viza ya Brazili ili achukue begi lake, ingawa Brazili si mwisho wa safari yake. Anaweza hata kukataliwa kupanda ndege Dar es Salaam au Johannesburg kwa sababu hiyo tu. Mwenye tiketi moja, ambaye mzigo wake umepelekwa moja kwa moja, husubiri katika eneo la kimataifa la kubadilishia ndege bila kupita uhamiaji.

Hata hivyo, anayeendelea ndani ya Brazili, tuseme kwenda Salvador au Manaus, huchukua mzigo wake Guarulhos na kupita forodha hata kama tiketi ni moja, kisha huukabidhi tena. Aache angalau saa tatu kati ya ndege hizo mbili, na zaidi ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza.

Kukata tiketi

Nauli za LATAM hupangwa kwa ngazi. Ya chini kabisa, iitwayo Basic, haina mzigo wa kupakia chini wala haki ya kuchagua kiti bila malipo, na katika baadhi ya njia humruhusu abiria kuingia na mfuko mdogo wa kuweka chini ya kiti tu. Ngazi za Light, Standard na Full huongeza begi la mkononi, mzigo wa chini, kiti, na uhuru wa kubadili tarehe, kwa viwango vinavyotegemea njia. Anayetoka huku kwetu kwa safari ya wiki kadhaa asivutwe na bei ya Basic, kwa kuwa mzigo unaolipiwa dakika za mwisho kiwanjani hugharimu zaidi kuliko uliolipiwa mapema.

Kipimo cha begi la mkononi ni sentimita 55 kwa 35 kwa 25. Mzigo wa chini hupimwa kwa kilo 23 kwa kila begi, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Katika tiketi mbalimbali, kipimo cha kufuata ni kile kilicho kidogo kuliko vyote, kwa maana begi linalokubalika kwenye ndege kubwa ya kimataifa linaweza kuzidi kiwango cha shirika jingine lililokuleta.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Watanzania wengi tunatumia majina matatu, na fomu za mtandaoni hudai jina la kwanza na la ukoo tu, kwa hiyo angalia ukurasa wa pasipoti unavyoyagawa majina yako na ufuate mgawanyo huo. Anayelipa mwenyewe mtandaoni aende kwanza benki, ahakikishe kadi yake imefunguliwa kwa manunuzi ya nje ya nchi na kwamba kikomo cha siku kinafikia bei ya tiketi. Anayetumia wakala adai kupewa nambari ya uhifadhi siku hiyohiyo, kisha aiingize mwenyewe katika tovuti ya LATAM na kuona kama jina, tarehe na mizigo vimekaa sawa. Wakala mwema hawezi kukasirishwa na uhakiki huo.

Jambo jingine ambalo watu huliona dogo ni saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kwa saa za mji husika. Ndege iliyoandikwa tarehe 15, 00:40, huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani dakika arobaini baada ya saa sita usiku, na abiria anapaswa kuwa kiwanjani jioni ya tarehe 14. Kumbuka pia kwamba São Paulo ipo nyuma yetu kwa saa sita na Lima kwa saa nane: ikiwa ni saa sita mchana São Paulo, Kigoma ni saa kumi na mbili jioni. Andika saa zote kwenye karatasi kwa namna unayozizungumza nyumbani, halafu mwombe mtu mwingine azilinganishe na tiketi.

Pasipoti, viza na kadi ya njano

Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai baada ya tarehe ya kurudi, na asiyekuwa nayo aanzie ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Brazili, Chile, Peru na Ajentina zote hudai viza kwa pasipoti ya kawaida ya Tanzania. Brazili ina ubalozi Dar es Salaam, ilhali masuala ya Chile na Ajentina hushughulikiwa na balozi zao zilizopo Nairobi, kwa hiyo wanaokwenda huko waanze miezi kadhaa mapema. Usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka. Balozi nyingi huridhika kuona uhifadhi wa safari au tiketi inayoweza kubadilishwa.

Chanjo ya homa ya manjano haina mjadala, hata kama nchi unayokwenda haikuidai wakati wa kuingia. Brazili, Peru, Bolivia na Kolombia zina maeneo yenye ugonjwa huo, na Afrika Kusini pamoja na Tanzania hudai cheti kwa abiria anayetoka katika nchi hizo. Kwa maneno mengine, kadi ya njano inaweza kukukwamisha ukiwa njiani kurudi nyumbani. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Ibebe mkononi pamoja na pasipoti, usiiweke katika begi la chini.

Mizigo isiyoruhusiwa

Ni desturi yetu kutokwenda ugenini mikono mitupu, na anayetoka Kigoma hufikiria dagaa, migebuka mikavu na mawese, wakati wa Tabora hufikiria asali. Kwa Chile nasisitiza tahadhari kubwa. Nchi hiyo imezungukwa na jangwa la Atacama, milima ya Andes na bahari ya Pasifiki, na inailinda hali hiyo ili wadudu na magonjwa ya mimea visivuke. Kila anayeingia hujaza tamko la kiapo kuhusu vitu vyenye asili ya mimea na wanyama, mabegi hupitishwa kwenye mashine, na idara iitwayo SAG hutoza faini kwa aliyeficha hata tunda moja alilopewa ndani ya ndege. Asali, mbegu, matunda, nyama na samaki vyote vitajwe. Aliyetaja kitu kisichoruhusiwa hunyang'anywa kitu hicho tu, bali aliyenyamaza huadhibiwa. Zawadi iliyo salama kuliko zote ni kitenge au khanga.

Viwanjani na ndani ya ndege

Usajili wa safari mtandaoni ni mzuri kwa kuchagua kiti na kupata pasi ya kupandia, lakini Mtanzania anayehitaji viza huenda akatakiwa kufika dawatini hata hivyo ili hati zake zikaguliwe. Fika saa tatu kabla. Dar es Salaam, safari za kimataifa huondokea Jengo la 3 la Kiwanja cha Julius Nyerere.

Majiji makubwa ya Amerika ya Kusini yana zaidi ya kiwanja kimoja, na alama za herufi tatu kwenye tiketi ndizo zinazovitofautisha. São Paulo ina Guarulhos (GRU) kwa safari za kimataifa na Congonhas (CGH) katikati ya jiji kwa safari za ndani. Buenos Aires ina Ezeiza (EZE) na Aeroparque (AEP). Tiketi inayokushusha katika kimoja na kukupandisha katika kingine inakudai kuvuka jiji lenye msongamano mkubwa wa magari, tena ukiwa na mizigo, na inakudai viza. Iepuke. Santiago kuna kiwanja kimoja cha LATAM, chenye jengo la safari za ndani na jipya la safari za kimataifa lililofunguliwa mwaka 2022. Lima nayo ilipata jengo jipya la abiria mwezi Juni 2025, kwa hiyo maelekezo ya kabla ya hapo yasifuatwe.

Katika ndege kubwa za kuvuka bahari kila kiti kina skrini na chakula hutolewa. Katika safari fupi za ndani ya Amerika ya Kusini, zinazotumia ndege za jamii ya Airbus A320, usitarajie zaidi ya kitafunwa na kinywaji, na burudani hutazamwa kwenye simu yako mwenyewe kupitia programu ya LATAM, ambayo ni vema kuipakua kabla. Muislamu anayehitaji chakula cha halali aulize wakati wa kukata tiketi, na ikiwa hakipo katika njia yake achague mlo usio na nyama. Matangazo hutolewa kwa Kihispania au Kireno na pia kwa Kiingereza.

Baridi huwashangaza watu wa ukanda wetu. Mwezi Juni hadi Agosti ni majira ya baridi Chile na Ajentina, kwa hiyo koti liwe katika begi la mkononi. Mwinuko nao una uzito wake: uso wa Ziwa Tanganyika upo mita 773 kutoka usawa wa bahari, ilhali kiwanja cha Cusco kipo takriban mita 3,300 na cha El Alto, La Paz, kinapita mita 4,000. Anayeshuka huko moja kwa moja hupata maumivu ya kichwa na kukosa pumzi. Apumzike siku nzima ya kwanza, anywe maji ya kutosha, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi ya miji hiyo.

Mambo yakienda kombo

Brazili ina kanuni nzuri ya kumlinda abiria, Azimio Namba 400 la mwaka 2016 la mamlaka ya anga iitwayo ANAC. Kwa ndege zinazoondoka Brazili, zikiwemo za kukurudisha Johannesburg, kuchelewa kwa saa moja kunakupa haki ya mawasiliano, saa mbili haki ya chakula, na saa nne haki ya kuchagua kati ya kupangiwa ndege nyingine na kurudishiwa fedha, pamoja na malazi ikiwa utalazimika kulala. Haki hizo hazitegemei sababu ya kuchelewa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hali ya hewa imezifuta. Nenda dawatini, taja azimio hilo kwa nambari yake, na omba jibu kwa maandishi.

Mzigo usipoonekana, toa taarifa kabla hujatoka katika ukumbi wa mizigo na usiondoke bila karatasi yenye nambari ya taarifa hiyo. Begi lililoharibika lidaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Katika safari ya kimataifa, begi ambalo halijapatikana baada ya siku 21 huhesabiwa limepotea, na hapo fidia hudaiwa. Ikiwa ulisafiri kwa mashirika zaidi ya moja kwa tiketi moja, peleka dai kwanza kwa shirika la mwisho lililokufikisha, ukiambatanisha vipande vya lebo za mizigo na pasi za kupandia za ndege zote, kuanzia ile ya kwanza.